Neno Dogo Pembeni mwa Wingu

Mama yangu,

Shikamoo. Bado nakuamkia kila nikiingia chumbani kwako, na Mama Sara, jirani yetu, amechoka kuniambia niache. Mwache aongee.

Kaka Ezekia anakuja Jumamosi na ndoo ya rangi. Anasema chumba chako kimekuwa kama stoo, kuta zimejaa mkaa, na lile likaratasi la mfuko wa saruji nilibandue. Nimemwambia apake kuta zote, wa dirishani auache. Akaguna tu. Unamjua mwanao. Hakuwepo siku zile, hajui likaratasi lile ni nini kwetu, na mimi kila nikitaka kumweleza kwenye simu naishia kuuliza bei ya rangi. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayejua.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kule Tunduma? Darasa limejaa hadi mlangoni, sauti imenikauka, na watoto hawafungui mdomo. Nyumbani wengine wanaongea Kinamwanga, wengine Kibemba, Kiswahili cha darasani wanakiogopa kuliko fimbo. Nikakupigia simu nalia kwamba kazi imenishinda. Kesho yake ukateremka stendi na furushi la mifuko mitupu ya saruji kichwani. Jamani, mama! Mwalimu mstaafu mzima! Kwa aibu nikakuuliza kama umekuja kujenga.

"Nakujenga wewe," ukasema, ukanipita.

Wingu la maneno ulilijulia kwenye semina ya walimu Vwawa, miaka yako ya mwisho kazini. Wakufunzi waliwaonyesha kwa kompyuta: maneno yamekusanyika pamoja, lililotajwa na wengi linakuwa kubwa, la mtu mmoja linabaki dogo. Ulirudi nyumbani Hasamba ukavua viatu ukasema, "Kompyuta sina. Mkaa ninao."

Basi darasani kwangu ukachana mfuko, ukaugeuza upande safi, ukaubandika ubaoni. "Hapa mpakani kuna nini?" ukauliza. Watoto wakainamia madawati. Halafu sauti moja ya nyuma: malori. Ukaandika. Mwingine naye akasema malori, ukapita juu yake tena na mkaa, neno likanenepa. Weee! Watoto walipoona neno lao linanenepa, nani angewazuia? Foleni! Kwacha! Vumbi! Kila mmoja anataka lake likue. Mwalimu mkuu alikuja kuchungulia akidhani wanapigana.

Mimi nikafurahi, nikashika chaki niwatungishe sentensi za malori. Ukanivuta mkono.

"Hayo makubwa hata mpita njia anayajua," ukaninong'oneza. Kisha ukawageukia watoto. "Nani kasema hili dogo?"

Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na "baba". Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole. Alikuwa hajawahi kunisemesha. Akaeleza, taratibu, kwamba baba yake ni utingo, alivuka na lori kwenda Zambia na hajarudi, kwa hiyo jioni yeye hupita kwenye foleni akiangalia wanaoshuka. Ulikaa naye sakafuni mpaka kengele ikalia, gauni lako la kanisani limejaa vumbi. Tangu siku ile yule mtoto alikuwa anaongea, na mimi nikawa mwalimu.

Halafu kiharusi kikaja kikakuchukua mkono wa kulia na ulimi. Wewe, uliyekuwa ukiita ng'ombe akakusikia hadi bonde la pili! Niliomba uhamisho nikarudi nyumbani. Wiki za kwanza tuligombana kwa macho tu, wewe unataka kitu, mimi naleta kingine, wewe unalia kwa hasira. Mpaka nilipochana mfuko wa saruji nikaubandika ukutani karibu na kitanda, upande wa dirisha, nikaandika maji, uji, chumvi, geuza, dirisha, imba, nenda. Ukanyoosha kidole cha kushoto. Kila ulipogusa neno, nilipita juu yake na mkaa, kama ulivyonifundisha.

Chumvi likanenepa haraka mno, hadi nikanuna. Hata kiharusi hakikukuzuia kulalamikia mboga zangu! Lakini kubwa kuliko yote likawa "nenda". Kila asubuhi Mama Sara akishafika kukaa nawe, nikiendelea kuzungukazunguka, uliligonga hilo: nenda, watoto wanakusubiri. Kwenye kona ya chini nilikuwa nimeandika "baki", ili usiseme nimekunyima la kuchagua. Hukuligusa hata siku moja.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, nimeshavaa sweta, mkoba begani. Nikakuuliza kwa mazoea tu, "Niende, mama?" Kidole kikainuka, kikapita "nenda", kikateremka hadi kwenye kona. Nilidhani mkono umechoka. Nilishageuka kuelekea mlangoni, haki ya Mungu, ndipo sauti yako ya kule Tunduma ikanijia: nani kasema hili dogo?

Nikaweka mkoba chini. Nikakusuka nywele, nikakuimbia nyimbo zote za kwaya ninazozijua na nilizozisahau nusu. Uji uliunywa kidogo, na chumvi hukuidai. Nje kina mama walikuwa wanageuza kahawa kwenye vichanja, na wewe ulikuwa unawasikiliza, mkono wako mkononi mwangu, mpaka nikaona nasikiliza peke yangu.

Kila mtu msibani aliniambia nimebahatika kuwa nawe. Ni kweli, na ninashukuru. Lakini nina hamu nawe, mama, na shukrani haipunguzi chochote.

Darasani bado natengeneza wingu. Wanangu wa darasa la nne huniambia, "Mwalimu, anza na kubwa!" nami naanzia pembeni kila siku. Wiki iliyopita niliwauliza kuhusu nyumbani. Ugali likajaa katikati ya karatasi, na kule chini mtoto mmoja alikuwa amesema "giza". Nimeshakwenda kwao kuuliza ni giza gani. Ningekuwa na wewe ningekusimulia yote tukikoboa mahindi.

Sasa nikutobolee siri ya ukuta wa dirishani, kabla Ezekia hajafika na ndoo yake. Sheria ya wingu ni yako mwenyewe: neno likisemwa tena, linaandikwa tena. Wewe "baki" ulilisema mara moja tu. Mimi ninalisema kila jioni nikirudi, nikishakuamkia, na kila nikilisema nashika mkaa. Limeshaifunika ile kona, limelipita chumvi, juzi limelipita "nenda".

Baki, mama.

Ni mimi kitindamimba wako, mikono imejaa mkaa.