Bidoni zangu zinaimba, mama mkwe hataki ziende Kinshasa

Mpendwa Maman Consolate, naomba msaada kabla sijagombana na majirani wa avenue yetu nzima, hapa mtaani Nyalukemba. Mimi ni msanii wa sauti, nilitundika bidoni kumi na mbili, haya madumu ya kuchotea maji, kando ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu, ndani ya kila moja nikatia kipaza sauti kinachotoa mlio wa maji, na majini nikaweka kifaa cha kupima kina, maji yakipungua mlio unakuwa mwembamba, yakijaa unanenepa. Siku ya kwanza wanawake waliposikia maji yanatiririka walidhani maji ya mabomba yetu yaliyokauka yamerudi, wakaja mbio na bidoni zao wakipiga kelele, "Mayi imefika!" Mama mkwe wangu, Maman Georgette, alinifokea mbele ya watu: "Chancelle, unatuchekelea? Mayi ya kusikia tu, tutaipikia bugali?" Niliona aibu, nikalia.

Basi mwezi uliopita mvua ilinyesha mlimani, kwetu jua linawaka, na yeye huyohuyo ndiye aliyesikia kwanza: "Sauti imenenepa! Mutoke na batoto!" Watu wakatoka, maji yakabeba majiko mawili na hayakubeba mtu hata mmoja. Sasa nimealikwa kwenye maonyesho Kinshasa, nilishaahidi kupeleka bidoni, na Maman Georgette ameweka kiti chake pale, hataki niguse hata kamba. Nisipokwenda kazi yangu imekufa, nikizitoa na mvua ije, je?

Chancelle

Chancelle, binti yangu, pole, lakini unalia nini? Wasanii wangapi wanalindiwa vyombo na mama mkwe? Umeshinda! Kosa lako ni kuahidi bidoni hizo kama mtu anayeahidi mbuzi wa familia kana kwamba ni wake peke yake.

Usifungue kamba hata moja. Kinshasa bidoni ziko tele. Waandikie leo watundike kumi na mbili za kwao, na kifaa chako kitume vipimo vya kijito kwa simu kutoka hapa, kila saa, ili za kule ziimbe kama hizi. Kabla hujapanda ndege uwanjani Kavumu, mfundishe Maman Georgette kubadilisha betri, kisha umwombe msamaha kwa bugali na samaki.

Na siku ile ya kwanza, yule mwanamke aliyefika na bidoni mbili na kiatu kimoja alikuwa mimi. Nilikutukana mpaka nyumbani. Leo nakupigia vigelegele. Nenda, na siku mlio utakaponenepa huko Kinshasa, waambie wasiogope: sisi huku tumeshatoka.

Maman Consolate