Pamba Mabegani mwa Bwana Harusi

Napoli, 3 Mei 1968

Mwanangu Nunzia,

Hujambo huko Milano? Sisi wazima, ila mgongo unanisumbua. Koti la harusi la Ottavio nimelimaliza, mjomba wako atalileta. Limeshonwa lote kwa mkono. Mabegani nimeacha vile vikunjo vyetu vya Napoli, sikujaza kitu, ili mkwe wangu amkumbatie mkewe bila kubanwa.

Baba yako,
Carmine

Milano, 12 Mei

Shikamoo Baba,

Pole na mgongo. Ottavio alilivaa koti jikoni mpaka supu ikapoa. Ila usikasirike, tafadhali. Mama yake aliona vikunjo akadhani umekosea. Akalipeleka kwa fundi wa hapa mtaani, ambaye alifumua mikono na kujaza pamba mabegani. Eti mama mkwe anakusitiri aibu. Sisi tulikuja kuliona limesharudi.

Binti yako,
Nunzia

Napoli, 15 Mei

Nunzia,

Habari zenu siziulizi. Anisitiri mimi! Nimewavika mahakimu na maharusi wa mji huu, leo mama mtu ananifundisha bega? Mwanamume mwenye pamba mabegani si bwana harusi, ni kabati! Na wewe, binti wa fundi, ulikuwa wapi? Simama kanisani na kabati lako. Mimi siji, na asinibembeleze mtu.

Carmine

Milano, 24 Mei

Shikamoo Baba,

Nimeandika tena na tena, kimya. Nani atanishika mkono kuingia kanisani? Nijibu, hata kwa matusi.

Nunzia

Milano, 3 Juni

Baba,

Shikamoo, ingawa hustahili. Nimeolewa juzi. Mjomba alinipa mkono nikaukataa, nikaingia peke yangu.

Asubuhi ile Ottavio alishika wembe akaing'oa pamba yote mwenyewe, mama yake akilia mlangoni. Hata kutunga uzi hajui! Mkono wa kushoto wa koti ukafumuka, tukaushikiza kwa pini, ukachomoka mbele ya padri. Watu wakacheka. Akawaambia, "Chekeni tu, koti hili kashona baba mkwe wangu." Hakulivua mpaka tulipokata keki.

Huyo ndiye uliyemwita kabati. Nina hasira na wewe, Baba. Umelijali bega la koti kuliko mimi.

Nunzia

Napoli, 6 Juni

Mwanangu,

Sina hata uso wa kukusalimia. Koti asiliguse fundi mwingine. Nakuja na treni ya Jumamosi, nimefunga sindano zangu. Usiponifungulia mlango una haki; mpe Ottavio koti aniletee nje, nitaushona mkono huo hapo hapo ngazini.

Baba yako,
Carmine