Sauti ya Mama Mbuyi na Neno "Tosha"

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia, na mahindi yamekwisha kupukuchuliwa bila watu kugombana. Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi huku inauma kama ya kwetu Uyole, ila huko nyumbani hakuna hili vumbi jekundu. Limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, na nimeacha kulipiga vita.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Ulisema, "Ambakisye, michezo sasa inatosha, rudi nyumbani." Simu yako hukatakata maneno, lakini hayo yalifika mazima. Sikukupigia kwa sababu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Karatasi haikatizwi, na Mjomba atakuletea kwa lori lake.

Ni kweli nafanya kazi na vitu vya michezo. Karakana ya Papa Ilunga, tunamotengeneza simu pale katikati ya mji, zamani ilikuwa chumba cha kuchezea michezo ya televisheni. Kulikuwa na vifimbo vya plastiki ambavyo hapa huitwa maneti. Unashika kimoja, unapunga mkono, na yule mtu wa kwenye kioo naye anapunga. Mashine ilipokufa, maneti zilibaki kwenye beseni zikiwa nzima. Nikazifungua, nikaziunganisha na kompyuta, nikaona kwamba zinaweza kuamriwa jambo lolote: ukitikisa, taa iwake; ukigeuza, muziki ubadilike. Moja tuliifunga kwenye mlango wa duka la jirani, ukifunguliwa tu spika inasema "bonjour". Jirani aliifurahia kwa siku chache, halafu akaja kutuomba kwa upole tuiondoe.

Hapo ndipo alipokuja Mama Mbuyi. Ni mama mwenye asili ya Kasai, mwalimu mstaafu, mwongozaji wa kwaya ya parokia. Mwaka jana alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia sasa hunyanyuka kidogo tu, kama wa mtu mvivu anayefukuza nzi. Kwaya haiuoni. Mjukuu wake alikuwa karibu kuolewa, na harusi zote za watoto wake aliziongoza yeye. Wanakwaya, kwa heshima nyingi, walikuwa wamekwisha kumchagua kijana wa kushika nafasi yake.

"Mi siko mugonjwa ya kichwa," aliniambia kwa Kiswahili cha huku, ambacho "njo" ni "ndiyo" yetu. "Mukono njo inakatala. Kama siwezi kuongoza, ile siku ya mariage mi nitabakia ku nyumba."

Hakuwa anatishia. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Nikawaza hivi: kama kwaya haiwezi kuuona mkono, basi iusikie. Nikamfungia maneti kwenye kifundo cha mkono kwa utepe wa kitenge, nikaiamuru kwamba kila mkono unaponyanyuka, hata kidogo, spika itoe mdundo wa ngoma.

Sasa sikia kituko. Siku ya kujaribu alinyanyua mkono, spika ikadunda taratibu.

"Tosha sauti," akasema.

Nikaelewa kwamba sauti inatosha. Nikaipunguza.

"Mon fils, mwana wangu, tosha sauti!"

Nikapunguza tena. Nikajiambia, wazee hawapendi kelele.

"Nasema tosha! Tosha!"

Nikazima kabisa. Nikamwambia kwa adabu zote ulizonifunza, "Imetosha, Mama."

Alinitazama, machozi yakamjaa, akaanza kufungua kile kitenge kwa meno. "Njo kusema hata weye unapenda mi ninyamaze."

Papa Ilunga alikuwa ameshika meza kwa kicheko. "Ambakisye, huku kwetu kutosha njo kutoa! Faire sortir! Mama anakuambia utoshe sauti, itoke inje!"

Mama, unajua mimi si mtu wa kuona haya upesi. Siku ile niliona. Mwanamke anaomba sauti yake itolewe, nami kila akiomba naizamisha, tena kwa tabasamu. Nikamwomba radhi kwa magoti, nikamfunga upya, nikaifungulia spika mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Akasema, "Voilà," yaani hapo sasa.

Tangu hapo alikuja kufanya mazoezi karakanani, katikati ya simu zilizovunjika. Hakuwa mpole. Mdundo ukichelewa hata kiasi cha kufumba na kufumbua jicho, ananipigia meza kwa mkono wa kushoto.

Harusi ilikuwa jana. Mwanzoni Mama Mbuyi alikohoa, mkono ukaruka, ngoma ikalia, na kwaya ikaanza kuimba padri akiwa bado anasema. Watu wakacheka, hata padri. Nikadhani yamekwisha. Yeye alisubiri wanyamaze, akanyanyua mkono kiasi cha mtu anayeinua kikombe cha chai, ngoma ikajibu, na kwaya nzima ikaingia kwa pamoja. Yule kijana aliyechaguliwa alikuwa mstari wa nyuma, anaimba besi kwa nguvu zake zote. Nilisimama karibu na mlango, nikafurahi sana. Nakuandikia hili wazi kwa sababu unasema sisemi mambo ya moyoni.

Baadaye alinishika shavu kwa ule mkono mgonjwa. "Aksanti, mwana," akasema. "Ulitosha sauti yangu."

Kesho anakuja mzee mmoja wa Sakania aliyekuwa harusini. Vidole vyake vimekakamaa, anauliza kama maneti inaweza kumpigia gitaa. Sijui. Nimemwambia aje tuone.

Nisalimie Baba Mdogo Anyosisye, mlinzi wa ng'ombe na wa siri za watu. Mwambie kofia yake nimeipata. Dada Tumaini, mshonaji wetu, aniwekee vipande vya kitenge vyenye nguvu, vya huku vinakatika. Bibi asiambiwe habari ya kukohoa, atacheka mpaka apaliwe.

Nitakuja kukuona mvua zikianza, nikae, nile, nirudi huku. Usikasirike. Ulisema michezo inatosha, na mimi sikubishii. Ila nimekuwa mtu wa huku sasa, Mama, na neno lako nimelisikia kwa Kiswahili cha Mama Mbuyi: kweli, michezo inatosha sauti.

Mwanao,
Ambakisye