Chungu Kilichobaki Mezani

Mwanangu,

Kabla hujaanza kutafuta nani kafa, hakuna aliyekufa. Vuta kiti uketi. Nakusalimu salamu ya mama kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Natumaini mwili wako ni mzima, meno hayakusumbui kama yalivyokusumbua utotoni, na hapo unapolala hapavuji. Mimi nipo. Goti la kulia limekataa kazi, la kushoto linafanya kazi ya yote mawili na kunung'unika. Macho yanaona mbali kuliko karibu, ndiyo maana siku hizi nikipaka rangi chungu nakishika kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayemkanya mbwa.

Najua unajiuliza barua imetokea wapi, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Anayeandika ni binti yako. Usishtuke, na usifurahi haraka. Amekuja asubuhi kuchukua nguo zake zilizobaki, nikamwomba aniandikie barua moja tu. Akauliza inakwenda kwa nani, nikamwambia. Aliinjika maji ya chai, akayangoja mpaka yakachemka. Halafu akasema ataandika maneno yangu kama yalivyo, lakini lake halitakuwemo hata moja, na salamu zake nisizitie. Nimekubali. Kwa hiyo ukiona neno zuri humu ni langu, na ukiona baya ni langu pia. Amekunja uso hapa, lakini ameliandika.

Sisi tunamwita Kifungo. Jina hilo hulijui, maana ulikuwa umeshaondoka mwaka mzima alipomeza kifungo cha koti kutoka kwenye kopo langu la mapambo. Siku mbili nilichunguza choo chake kama mchimba dhahabu. Kilipotoka nikakichemsha, nikakibandika kwenye chungu cha maua, nikampelekea yule daktari aliyesema nisihangaike. Kifungo anasema hilo halikuwa la lazima kuandikwa. Lilikuwa la lazima.

Nakuarifu, basi, kwamba Kifungo ameolewa. Leo ni siku ya tisa. Mume ni muuguzi, mrefu, mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Mwanzo nilimtilia shaka, nikasema mtu mpole kiasi hiki lazima anaficha kitu. Nilimpeleleza miezi sita. Anaficha upara tu.

Walitaka kila mgeni aondoke na zawadi ndogo mkononi, na Kifungo akashikilia kwamba haitakuwa ya dukani, itakuwa vyungu vya Bibi. Unavikumbuka. Ulipokuwa mdogo nilikuwa natengeneza kimoja kimoja, jirani akihama, au mtu akijifungua. Safari hii vilikuwa tisini. Mfinyanzi alivileta kwenye mkokoteni, vidogo vya kuenea kiganjani, kila kimoja na tundu chini la kutolea maji. Tulivisugua kwa msasa juu ya meza ya jikoni mpaka vumbi jekundu likaingia kwenye chai, tukainywa hivyo hivyo. Tukavianika. Kifungo alitaka siku mbili, mimi nikasema siku tano, tukanuniana. Chungu chenye unyevu ukikipaka rangi, rangi inashika vizuri kabisa. Inang'aa, watu wanakusifu. Halafu unyevu unatafuta pa kutokea, na rangi inabanduka yote kama ngozi iliyoungua. Nilimweleza hayo akaacha kununa.

Baada ya kukauka tukapaka nyeupe. Juu ya nyeupe nikadonoa maua kwa ncha ya njiti ya kiberiti, matone matano ni ua, tone la njano katikati. Shingoni tukazungusha vipande vya lesi tulivyopewa na mshonaji. Vanishi nje peke yake; ndani sipaki kitu, udongo upumue. Mwisho nikatia kipandikizi cha ule mmea wa majani manene, usiokufa hata ukiusahau dirishani.

Kwenye mdomo wa kila chungu palitakiwa jina la mgeni. Kifungo alijaribu mwenyewe, mkono wake ukatetemeka, akaharibu viwili. Wangu hautetemeki. Akaniandikia orodha kwa herufi kubwa, nikawa nayachora majina kama ninavyochora maua. Kwangu jina ni mchoro tu, huu una vijiti viwili na daraja, huu una tumbo, huu una mkia. Nilichora wakubwa wa kazini kwa mume wake na mashangazi zake wote bila kujua yupi ni yupi, na hakuna aliyelalamika.

Wiki moja kabla ya harusi alikuja kuvikagua, akakuta kimoja chenye jina lako.

Lilikuwa la kwanza kwenye ile orodha. Mume wake ndiye aliyelitaja, kwa kuwa amelelewa na watu, na Kifungo akaliandika, halafu akalikata kwa mstari. Aliniuliza kwa nini nimelichora wakati yeye amelifuta. Nikamjibu kwamba mimi ningejuaje, mimi ninayeshika gazeti juu chini. Nimeona mchoro wenye mstari katikati, nikadhani mstari ni pambo. Na kweli mstari niliuchora, ukapita juu ya jina kama mmea unaotambaa, nikautia majani. Aliutazama muda mrefu. Nilidhani atakirusha. Akakirudisha katikati ya wenzake, akaenda kunawa mikono.

Harusi ilikuwa nzuri, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki na feni inayolia kuliko inavyopuliza. Kwa ajili ya goti nilikalishwa karibu na mlango, pembeni ya meza ya vyungu, na kutoka pale nilimwona vizuri binti yako. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo. Mpiga picha alimkemea mara tatu kwamba anamharibia kazi. Mimi niliyemlea, niliyemjua mpaka chooni, nilidhani anamsubiri rafiki yake wa shule. Rafiki yake wa shule alikuwa ameshafika, amekaa mbele, anakula.

Wageni wakaondoka, kila mtu na chungu chake kifuani. Kikabaki kimoja. Kifungo akaja akasimama mbele yake na gauni lake jeupe, akakigeuza jina litazame ukutani. Akasema hata kufuata chungu tu hukuja. Nikamwambia hukualikwa. Akasema mama haalikwi.

Sasa anasema hayo aliniambia mimi, hayakuwa ya barua. Andika, mjukuu wangu. Tulikubaliana maneno yangu kama yalivyo.

Mwanangu, yote hayo ni maneno ya njiani. Sasa nafika nilikokuwa nakwenda. Kifungo, usiinue kichwa.

Kwanza, kuhusu mstari nilidanganya. Jina lako nalijua. Katika maandishi yote ya duniani ni hilo peke yake ninaloweza kulisoma. Mkunga aliliandika kwenye kadi yako ya kliniki, akanionyesha, na kila nilipokuwa nakunyonyesha nililipitishia kidole mpaka karatasi ikaingia uchafu. Nilijua limekatwa. Nililichora kwa makusudi, kwa sababu aliyepaswa kufutwa kwenye orodha ile hakuwa wewe.

La pili ni la siku uliyokuja. Wewe unaikumbuka, lakini uliyonayo ni nusu. Kifungo alikuwa na miaka sita, na wewe ulikuwa umekaa minne hujarudi. Ulisimama mlangoni na mkoba begani na mwavuli wa mtoto mkononi, wa njano. Nilishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Nikakwambia mtoto hakutaki. Nikasema ametamka mwenyewe kwa kinywa chake kwamba hataki kukuona, na kama unampenda usiingie kumliza. Ukauegemeza mwavuli ukutani ukaenda.

Mtoto hakusema kitu, mwanangu. Mtoto hakuulizwa. Alikuwa uani anasugua chungu kwa msasa, anaimba. Niliporudi kwake akauliza nani alikuwa mlangoni. Nikamwambia ni mtu aliyepotea njia. Akauliza kama nimemwelekeza vizuri. Nikamwambia nimemwelekeza.

Na mwavuli nilisema umetolewa na fundi viatu

Utaona hapa mwandiko umebadilika. Huu ni wa fundi viatu mwenyewe, wa mlango wa pili, unamkumbuka, sasa hana nywele. Herufi zake zimelala kama watu waliochoka, usimcheke. Kifungo aliandika mpaka kwenye mwavuli, kalamu ikasimama. Lile doa la wino ni pale ilipokaa. Alitembea na ule mwavuli miaka mitatu mpaka vijiti vikatoboa kitambaa, na hata baada ya hapo alikuwa analala nao. Siku ile nilipompa alikimbia kwenda kushukuru, na fundi viatu, aliyekuwa ameona yote kutoka kwenye kigoda chake, alimtazama mtoto akasema haya, karibu. Leo anataka kukuandikia kurasa mbili za kuomba radhi. Nimemwambia atafute karatasi yake. Anwani yako ametoa yeye. Anasema ulimwachia siku ile ile kwa ajili ya mtoto akikua, naye akaogopa ulimi wangu mpaka juzi.

Kifungo aliniuliza neno moja tu. Aliuliza, yule mtu alilia? Alisema yule mtu, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha. Nikamwambia alilia. Akaifunika kalamu, akatoka kwa mlango wa uani. Begi la nguo alilofuata liko hapa, limefungwa, liko katikati ya sakafu na mimi nalizunguka.

Ukiniuliza kwa nini, sina jibu la kupendeza. Hasira nilikuwa nayo, lakini hasira ningeimaliza kwa kukutukana, unanijua. Niliogopa. Nyumba hii ilikuwa na sauti moja ya mtoto, nikadhani umekuja kuichukua. Nilipaka rangi juu ya unyevu, mwanangu, na kwa miaka kumi na minane watu wamekuwa wakinisifu kwa kulea.

Ningeweza kumwita fundi viatu tangu mwanzo aniandikie, mtoto asijue. Nilifikiri hivyo siku nane nzima. Halafu nikaona kwamba nikimwandikisha mwingine, nitakuwa nimekuelekeza wewe na yeye nimemwacha amesimama. Nilitaka yapite mkononi mwake. Huenda hilo nalo ni ukatili. Mimi si mtu wa kujua njia laini.

Sikuombi unisamehe. Wala usije kwangu kwanza. Nenda kwake. Anakaa nyuma ya zahanati anayofanya kazi mume wake, nyumba ya ghorofa yenye geti la kijani, ghorofa ya pili, mlango wa mkono wa kushoto. Kengele haifanyi kazi, gonga. Akifungua usiseme umetumwa na mimi, atakufungia. Sema jina lako, basi. Asipokufungulia, kaa kwenye ngazi. Mimi nilikuondoa mlangoni kwa maneno machache sana na wewe ukaondoka. Safari hii usiondoke kwa maneno, hata yakiwa yake.

Kuna jambo moja linalonisumbua tangu fundi viatu alipoketi. Chungu chako kilikuwa dirishani hapa jikoni tangu siku ya harusi, kimetazama ukuta vile vile Kifungo alivyokigeuza. Nimeinua macho, hakipo. Sikumwona akikichukua, nilikuwa natazama magoti yangu. Nimejikokota mpaka uani. Nimeangalia nyuma ya pipa la maji, kwenye jalala, chini ya kamba ya nguo, nimefika mpaka nje barabarani. Nimetafuta vigae vyake, mwanangu. Sijaona hata kimoja.

Mshonaji anakusalimu, alikushonea sare ya shule na hajakusahau. Fundi viatu anakusalimu na ameinamisha kichwa. Kifungo alisema salamu zake nisizitie, nami sizitii.

Fundi viatu anasema barua hutiwa jina la mwenyewe mwishoni. Langu sijawahi kujifunza kulichora. Hilo unaloliona hapa chini, la rangi ya kijani, nimelichora kwa njiti ya kiberiti, na ni lako. Halina mstari.

Ni mimi, mama yako.