Safu ya Waliohama

Jumanne jioni, Juni 1975

Mwandiko ulio katika daftari la utafiti ni wangu, siwezi kukana. Leo mgeni ameweka kidole juu yake.

Utafiti wetu wa kichocho ni wa serikali mbili, yetu na ya wageni, na kila mwaka tunawapima watoto wale wale. Daktari mpya waliyemleta anataka kila mtoto aliyehama afuatwe huko aliko. “Huyu Kabula, miaka minne, alihamia kijiji gani?” akaniuliza.

Hajui kwamba ni mwanangu. Tulimzika mwaka jana, juma lile lile la kujaza daftari. Watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya, safu ya waliohama imejaa, nami nikamwingiza humo. Safu ya waliofariki ilikuwa pembeni tu. Mkono ulikataa.

“Misungwi,” nikamjibu. Sijui kwa nini.

Mzee Lutego, dereva wetu, akacheka. “Misungwi ipi, mama? Unataka nizunguke mpaka matairi yaishe?”

Wanaondoka kesho asubuhi kwenda kumtafuta. Tangu mchana naiona akilini Landrova ikisimama mlango kwa mlango, wanaita jina lake. Naogopa ataitika. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, unataka aitike.

Mdogo wake ananyonya huku naandika.

Kesho nitafika ofisini kabla gari halijawashwa. Nitamweleza daktari, kisha nitaomba daftari nimwandike Kabula mahali pake. Wasimpe karani mwingine kazi hiyo. Nitamwandika mimi.