Bunduki ya Mbarushimana kwenye gusaba ya Jado

Uwera, soma sasa hivi. Mbarushimana amemuvua Jado nguo mbele ya wakwe.

Ule baba mudogo wa Jado, mwenye kuvaa koti ya jeshi mpaka kwenye ubatizo. Kwenye gusaba walimupa kazi moja tu, aombe binti, aongee mambo ya ngombe, akae.

Yeye akafungua vita ya 1998. Ati alikuwa anakaa kwenye mulango wa helikopta ndogo, bunduki imefungwa pale pembeni, mikanda ya risasi kwenye miguu. "Juu ya Cyanzarwe, kitu yote yenye kutembea chini nililaza."

Cyanzarwe. Na binti ni wa wapi? Wa Cyanzarwe.

Jado alimukanyaga mguu chini ya meza mara ya kwanza, mara ya pili. Mutu anaendelea, mikono yake inazungusha bunduki ya hewa.

Baba wa binti iko pale, magongo yake yameegemea ukuta. Mwaka ule alikuwa anachunga, helikopta ikapita, ngombe zikaisha na mguu ukaenda. Akaweka chupa chini polepole. "Bon. Donc ni wewe."

Uwera, ule mwanaume aliyeyuka. "Hapana muzee. Mi nilikuwa napika. Helikopta sikupanda hata siku moja." Mbele ya watu wote. Napika.

Jado hakujua aangalie wapi.

Muzee akavuta magongo yake, akasimama. "Miaka yote hii nilitaka kumuona ule mutu kwa macho. Na nyinyi munaniletea mupishi."