Dole Gumba Langu

Igombe, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mwanangu Sabina,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Mgongo wako unaendeleaje? Na mumeo, ameacha kukohoa? Mimi goti linanisumbua, lakini mdomo bado mzima. Anayeniandikia ni Mama Hellen, mwalimu mstaafu, na nimemkataza kurembesha. Simu sikukupigia kwa sababu maneno haya ukiyakata katikati utabaki na nusu, na hiyo nusu ni mbaya kuliko yote.

Najua kaka yako Venant amekwambia kwamba mwanao Luhende alikamatwa na bangi ndani ya basi, kabla ya kuvuka daraja la Busisi, na kwamba ameharibiwa na marafiki wa mjini. Yaweke hayo pembeni. Mtoto yule hata sigara hajawahi kushika. Tumbaku yangu ya kunusa tu humpigisha chafya mpaka kuku wanakimbia.

Gunia lile la dagaa ni mimi niliyemtuma akuletee Geita. Nililijaza mwenyewe na kulishona mdomo mwenyewe. Venant akasema atalipeleka stendi jioni kwa bodaboda, Luhende asihangaike nalo asubuhi. Nikamsifu, mjinga mimi. Polisi walipolifungua njiani, katikati ya dagaa kulikuwa na vifurushi vya bangi.

Kesho yake Venant akaleta mtu mwenye tai, akasema huyo ndiye wakili wetu. Yule bwana alituambia Luhende akiri haraka tu, hakimu atamhurumia, yaishe. Nilimuuliza ofisi yake iko wapi, akanionyesha simu. Nikamwambia hata muuza karanga ana kijiwe.

Basi nikajikokota mwenyewe mpaka Nyamagana. Mama mmoja anayefagia pale mahakamani akanielekeza ofisi inayosaidia watu bila malipo, kwa wakili Awuor. Nilimwambia mume wangu yuko mahabusu. Akauliza mume ana umri gani, nikasema ishirini na mmoja. Kalamu ikamdondoka! Ikabidi nimweleze kwamba ni mjukuu, sisi Wasukuma ndivyo tunavyowaita. Akacheka sana, kisha akaacha kucheka aliposoma mashtaka.

Alinieleza taratibu, hakunidharau. Akasema hawakuandika kwamba Luhende alikutwa na bangi tu, wameandika kwamba alikuwa anaisafirisha, na hilo ni zito zaidi. Akasema asikiri jambo asilolijua, maana ni serikali inayotakiwa kuonyesha kwamba alijua kilichomo kwenye gunia. Yule mwenye tai, Awuor alimtafuta kwenye orodha ya mawakili, hayumo. Ni kishoka, wakili wa bandia.

Halafu akaniambia kinachomkaba Luhende kuliko bangi yenyewe ni maelezo ya shahidi mmoja, anayesema alimwona kwa macho yake akipanga vifurushi vile ndani ya dagaa.

Sabina, usiikunje barua. Shahidi huyo ni mimi.

Siku ya kwanza pale kituoni waliponionyesha gunia, niliona mshono si wangu. Fundo lile ni la mtu wa nyavu, linavutwa kama unaunga jicho la wavu lililokatika, na mkia wa uzi unafichwa ndani. Nyumbani kwetu anayeshona nyavu ni mmoja. Nikamtazama Venant, akaangalia sakafu. Nikanyamaza. Jioni ya kesho yake, yule mwenye tai alipoondoka, Venant akanipigia magoti, analia, anasema wanawe watabaki na nani. Akasema wakili wake ameandika karatasi kwamba gunia tulilinunua mwaloni, sokoni kwa samaki, kwa mtu tusiyemjua, na kwamba itawaokoa wote wawili. Nikaweka dole gumba. Sikusomewa, wala sikuomba kusomewa. Nilikuwa tayari kudanganya kwa ajili ya mwanangu, na mwanangu akautumia uongo wangu kumfunga wa kwako.

Mtoto niliyemnyonyesha miaka mitatu, Sabina! Nilimbeba na homa mgongoni mpaka hospitali. Ameniona sijui kusoma, akanifanya panga la kumkatia mwanao.

Wakili Awuor nimemweleza yote, pamoja na fundo. Amenionya kwamba kwa karatasi ile hata mimi naweza kushtakiwa. Nimemwambia waje, goti hili haliwezi kukimbia. Maelezo mapya alinisomea mara mbili ndipo nikaweka dole. Venant aliposikia, alibeba nguo zake akaondoka. Akija kwako usimfiche. Mpe chakula, ni ndugu yako, kisha umwite mwenyekiti wa mtaa.

Kesi ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Nitasimama nimtaje mwanangu mbele ya hakimu. Njoo. Kama huwezi kukaa benchi moja na mimi, kaa la upande wa pili, nitaelewa. Ila kaa mahali ambapo Luhende akigeuka atakuona.

Msalimie mumeo, wabusu wadogo, na majirani wote wanaoniulizia waambie bado napumua.

Ni mimi mama yako,
Minza